Usaha Hutafuta Mlango

Kaskazi inaposhika na maembe yakajaa sokoni, watoto wengi wa pwani huanza kuota majipu. Yanatokea shingoni, kwapani, makalioni, wakati mwingine kichwani palipopita wembe juzi, na kila mtaa una bibi mwenye sababu tayari: mtoto amezidisha maembe, na maembe yana joto. Maneno hayo husikika Lamu kama yanavyosikika Mtwara, na anayeyabisha huambiwa kwamba bado hajalea.

Bibi hajakosea majira, amekosea mshtakiwa. Miezi ya boribo na dodo ndiyo miezi ya joto kali na unyevu hewani. Jasho halikauki, harara inajaa mgongoni, na mtoto analala akijikuna. Kila mkwaruzo wa ukucha unaacha ufa kwenye ngozi. Embe lina hatia ndogo ya pembeni tu: utomvu wa kikonyo chake huwasha midomo na mashavu ya baadhi ya watu mpaka yakatoka vipele, na vipele navyo hukunwa. Nyama yake tamu haioteshi jipu. Mtoto aachwe ale, kisha anawe uso na mikono, na kucha zake zikatwe.

Mkosaji halisi anaishi puani. Karibu watu watatu katika kila kumi wamebeba humo bakteria aitwaye stafilokokasi, bila kuumwa chochote. Anatoka puani kwa vidole hadi kwapani, kinenani na popote mkono unapofika, na akikuta mkwaruzo, au shina la unywele lililoumizwa na wembe au nguo ya kubana, huingia ndani na kuzaana.

Kumtambua huyu kulichukua muda. Hadi katikati ya karne ya 19 madaktari wengi wa Ulaya waliuchukulia usaha kuwa sehemu ya kawaida ya kupona kwa jeraha, na usaha mzito mweupe ulisifiwa kuwa dalili njema. Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Aberdeen huko Uskoti, hakuridhika na maelezo hayo. Alichukua usaha wa mgonjwa mwenye uvimbe mkali wa mguu, akautia rangi na kuutazama kwa hadubini, akakuta vijiduara vidogo vilivyoshikana mafungu kama vichala vya zabibu. Akajitengenezea maabara nyumbani, akavikuza vijiduara hivyo ndani ya mayai ya kuku, akawadunga panya, na panya wakatunga usaha. Mwaka 1880 alisimama Berlin mbele ya mkutano wa madaktari wa upasuaji na kuwaeleza kwamba jipu lina mwenyewe. Mwaka huohuo Louis Pasteur, kwa njia yake, alikuwa amemkuta kiumbe huyo kwenye majipu ya watu mjini Paris.

Ushahidi wa kushawishi kuliko wote ulitoka Uswisi miaka michache baadaye. Carl Garré, daktari kijana wa Basel, alichukua bakteria waliokuzwa maabara akajisugua nao mkononi, kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Siku chache baadaye mkono ulijaa majipu, kila moja likianzia kwenye shina la unywele. Garré alipona, akaja kuwa profesa wa upasuaji. Kwa kadiri inavyojulikana leo, wazo kwamba majipu huletwa na “damu chafu”, ambalo bado linauza chupa nyingi za dawa za kusafisha damu stendi za mabasi na sokoni, halijawahi kupata jaribio la aina hiyo la kulitetea.

Yanayofuata chini ya ngozi ndiyo yanayoeleza matibabu yote, kwa hiyo yatazamwe taratibu. Bakteria akishaingia, chembe nyeupe za damu humiminika mahali pale, humeza adui na nyingi hufia hapohapo. Stafilokokasi naye hana mikono mitupu. Ana kimeng'enya kinachogandisha majimaji ya damu, akajizungushia utando. Baadhi ya koo zake, ambazo hupatikana sana Afrika, hutoa pia sumu inayotoboa chembe nyeupe zenyewe; sumu hiyo ilielezwa na watafiti Panton na Valentine mwaka 1932 na bado inabeba majina yao. Mwili, kwa upande wake, hujenga ukuta wa nyuzi kulizunguka eneo lote ili vita visisambae. Ndani ya ukuta hubaki maiti za chembe nyeupe, bakteria hai na waliokufa, na nyama iliyooza. Mchanganyiko huo ndio usaha.

Sasa, ndani ya mfuko huo hakuna mshipa wa damu hata mmoja. Dawa yoyote, iwe ya kumeza au ya sindano, husafiri kwa damu, na ikifika kwenye ukuta ule hubaki nje kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mlango. Kiasi kidogo kinachopenya hukuta uchachu unaopunguza nguvu yake. Ndiyo maana mtu humaliza dozi nzima ya vidonge, homa ikapungua, maumivu yakatulia kidogo, na jipu likabaki palepale.

Siku za mwanzo, jipu likiwa bado gumu na linapwita, tiba bora iko jikoni. Kitambaa safi kinachovywa kwenye maji ya moto yanayovumilika, kinakamuliwa, kinawekwa juu ya jipu kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Joto hupanua mishipa, chembe nyeupe zikafika kwa wingi, na jipu likaiva na kupasuka mapema. Majipu madogo mengi huishia hapo bila daktari. Ni tiba ya zamani mno. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Mfalme Hezekia aliyekaribia kufa kwa jipu, na nabii Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu yake. Wanaopasha jani la mbarika motoni na kulibandika juu ya jipu wanafuata njia ileile ya joto na unyevu, na hakuna haja ya kuwacheka, ingawa kitambaa kilichofuliwa kinatosha. Vinavyoumiza ni vile vinavyoongezwa juu. Mavi ya ng'ombe yanaweza kuleta pepopunda. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Unga wa kidonge cha rangi mbili, kinachofunguliwa na kunyunyiziwa juu ya uvimbe, hauingii popote.

Halafu kuna kukamua. Mwishoni mwa mwaka 2015 Rais John Magufuli alipoanza kuwaondoa watendaji kazini, “kutumbua majipu” ukawa msemo wa Tanzania nzima. Katika siasa jipu hutumbuliwa mara linapoonekana, tena mbele ya kamera. Mwilini haraka hiyo ina gharama. Jipu ambalo halijaiva halijakamilisha ukuta wake, na vidole gumba viwili vikilibana, bakteria husukumwa pembeni kwenye nyama nzima, au ndani ya mishipa.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi usoni, kwenye eneo la pembetatu linaloanzia katikati ya macho na kushuka hadi pembe mbili za mdomo. Mishipa ya damu ya hapo imeungana na ile iliyo nyuma ya macho, chini ya ubongo. Alexander Scriabin, mtunzi na mpiga piano maarufu wa Urusi, alifariki Moscow mwezi Aprili 1915 akiwa na miaka 43. Kipele cha usaha kwenye mdomo wake wa juu kilimtia sumu kwenye damu, na wakati huo dawa haikuwapo. Leo ipo. Lakini mtu mwenye jipu la pua au mdomo wa juu, jicho likaanza kuvimba, kichwa kikauma na homa ikapanda, hana muda wa kusubiri hadi kesho.

Jipu lililoiva hujulikana kwa kidole. Katikati yake ni laini, na ukilibonyeza upande mmoja linasukuma upande wa pili, ishara kwamba kuna majimaji ndani. Vitabu vingi vya tiba huongeza dalili ya wekundu, kwa kuwa viliandikwa na watu waliozoea kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na anayeusubiri atachelewa. Dalili za kutegemea ni joto linalosikika kwa mgongo wa mkono, ngozi iliyokaza na kung'aa, rangi inayokolea kuliko pembeni, na maumivu yanayomfanya mtu ashindwe kulala ubavu mmoja.

Kinachohitajika hapo ni mlango. Mhudumu aliyefunzwa huosha ngozi na kuchoma ganzi kulizunguka jipu. Uchachu wa usaha huidhoofisha ganzi, na hii ndiyo sababu wengi hukumbuka tendo hili kwa uchungu. Mhudumu mwenye subira huzunguka vizuri na kungoja dakika kadhaa kabla ya kushika kisu. Chale moja inayotosha huachia usaha utoke. Jipu kubwa huwa na vyumba ndani, kwa hiyo chombo butu huingizwa kuvivunja, kisha mfuko huoshwa kwa maji safi ya chumvi. Kidonda hakishonwi. Huachwa wazi kijifunge kutoka chini kwenda juu, maana mdomo ukifunga kabla ya tumbo, usaha hujaa upya. Zamani kila jipu lilijazwa shashi. Siku hizi kwa majipu madogo desturi hiyo inaachwa, kwani majaribio yaliyofanywa yameona ikiongeza maumivu bila faida ya wazi. Nafuu huja mapema. Wapo wagonjwa wanaosinzia kitandani pale pale, baada ya siku kadhaa za kukosa usingizi.

Je, baada ya hapo vidonge vya nini? Swali hilo limejaribiwa kwa makini Marekani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa zaidi ya 1,200 walipasuliwa majipu yao, kisha nusu wakapewa septrini na nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa walipona kwa asilimia 80.5, na wasiopewa kwa asilimia 73.6. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, wenye watu 786 waliokuwa na majipu madogo, ulikuta pengo kubwa zaidi: asilimia 83.1 kwa waliotumia klindamaisini, 81.7 kwa septrini, na 68.9 kwa wasiopata dawa. Matokeo haya yana pande mbili, na watu hupenda kusoma ule unaowafaa. Dawa inasaidia, hilo halina ubishi. Lakini karibu watu saba katika kila kumi walipona kwa kisu peke yake.

Hivyo vidonge vina nafasi yake, na si kila mtu aliyepasuliwa jipu dogo anavihitaji. Wanaovihitaji bila mjadala ni wenye homa na kutetemeka, wenye uvimbe unaotambaa kuzunguka jipu, wenye majipu mengi kwa pamoja, wenye jipu la usoni, watoto wachanga, wazee, na wale ambao kinga yao imeshushwa na kisukari, Virusi vya Ukimwi au dawa za saratani.

Kuhusu aina ya dawa, duka la mtaani linaweza kumpotosha mtu. Amoksilini ndiyo inayoombwa sana, lakini stafilokokasi wengi wana kimeng'enya kinachoivunja kabla haijafanya kazi. Historia hapa ina kejeli yake. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928 katika Hospitali ya St Mary's, London, pale Alexander Fleming alipoona ukungu umeua stafilokokasi kwenye sahani yake ya maabara. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo huko Oxford, Februari 1941, alikuwa polisi Albert Alexander, ambaye uso na kichwa vyake vilijaa majipu, na jicho moja lilikuwa limeshatolewa. Ndani ya siku chache homa ilishuka na akaanza kula. Dawa ikaisha. Madaktari waliichuja kutoka kwenye mkojo wake mwenyewe ili wamrudishie, lakini haikutosha, na tarehe 15 Machi alifariki. Muongo huo haukuisha kabla ya hospitali za Uingereza kujaa stafilokokasi wasiosikia penisilini. Methisilini, dawa iliyokusudiwa kuwakabili, ilipatikana mwaka 1959, na usugu dhidi yake ukaripotiwa mwaka 1961. Kwa majipu, familia ya dawa inayohimili kile kimeng'enya ni ya kloksasilini, na penye bakteria sugu zaidi daktari huchagua nyingine. Kununua vidonge vinne vya amoksilini kwa sababu ndizo fedha zilizopo hakumtibu mtu, na humpa bakteria mazoezi.

Jipu la ngozi linaonekana. Linalosumbua zaidi ni lile lisiloonekana.

Katika maeneo mengi ya Tanzania bara linaitwa tambazi. Mtu, mara nyingi kijana mwenye nguvu zake, anaumwa paja, kalio au msuli wa mgongo. Ngozi juu yake haina kasoro. Msuli unakuwa mgumu kama ubao, siku zinapita, homa inaanza, na kutembea kunakuwa shida. Hili ni jipu lililotunga ndani ya msuli. Julius Scriba, daktari wa upasuaji wa Kijerumani aliyefundisha Tokyo, alilieleza mwaka 1885, lakini linajulikana zaidi katika nchi za joto, Afrika Mashariki ikiwemo, na kwa sehemu kubwa kabisa linaletwa na stafilokokasi yuleyule wa puani. Ukimwi ulipoenea, madaktari waliliona zaidi.

Tambazi limezungukwa na imani moja nzito: likichomwa sindano, mgonjwa anakufa. Kwa sababu hiyo familia nyingi huanza kwa mganga wa kienyeji, kwa dawa za kupaka na kuchanjwa, na hospitali huwa kituo cha mwisho. Ni rahisi kuidharau imani hii mezani, lakini ukiifuata hatua kwa hatua unaona ilikotoka. Ugonjwa wenyewe una awamu tatu. Kwanza msuli huuma na kukaza, bila usaha, kwa wiki moja au mbili. Kisha usaha hujaa. Awamu ya tatu bakteria huingia kwenye damu, shinikizo la damu hushuka, figo na mapafu huanza kushindwa. Mgonjwa aliyezungushwa huku na huko anafika zahanati katika awamu hii ya tatu. Anachomwa sindano, ambalo ni jambo la kwanza ambalo mhudumu yeyote angefanya, na usiku huo anafariki. Jamaa waliosimama mlangoni wameona mambo mawili tu, sindano na kifo, moja likifuatia lingine. Wakisimulia kijijini, nani atawabishia?

Tena imani hii ina chembe ya ukweli isiyotajwa. Sindano ya dawa peke yake, bila kufungua msuli na kutoa usaha, kweli haimponyi mwenye tambazi lililojaa, kwa sababu ileile ya ukuta usio na mshipa. Na sindano isiyo safi inaweza yenyewe kuotesha jipu kalioni, jambo lililoonekana sana enzi za kuchemsha mabomba ya sindano nyumbani kwa mchomaji wa mtaa. Kinachookoa ni kuwahi. Kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti, ambacho hospitali nyingi za wilaya sasa zinacho kwa ajili ya wajawazito, huonyesha usaha ndani ya paja kwa dakika chache, na mgonjwa aliyefika katika awamu ya pili hupasuliwa, akapewa dawa na kurudi shambani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wangefanya kazi kubwa kwa kueleza jambo hili moja tu: aliyekufa baada ya sindano alikuwa amechelewa kabla ya sindano.

Kwa watoto, maumivu ya mguu au mkono yanayokuja na homa baada ya jipu kupona yana maana nyingine pia. Bakteria anaweza kupita kwenye damu na kukaa ndani ya mfupa unaokua. Mzazi asimkande mtoto huyo kwa wiki akidhani ameanguka shuleni.

Majipu yanayorudi kila mwezi ni suala jingine tena. Kipimo cha kwanza ni tone la damu kidoleni kupima sukari. Si haba watu wazima wanaogunduliwa kisukari siku walipokwenda kutibiwa jipu kubwa la kisogoni, lile lenye matundu mengi, ambalo ni majipu kadhaa yaliyoungana chini kwa chini. Sukari ikiwa sawa, jicho hugeukia nyumbani. Stafilokokasi huzunguka katika familia kwa taulo moja, wembe mmoja na shuka moja, mtoto akampa mama, mama akampa baba, kisha mzunguko ukaanza upya. Hata matajiri hawajaokoka. Mwaka 2003 wachezaji watano kati ya 58 wa timu ya St. Louis Rams, inayocheza mpira wa Kimarekani, walipata maambukizi manane ya stafilokokasi sugu, yote mahali ngozi ilipochunwa na nyasi bandia. Wachunguzi walikuta wachezaji wakichangia taulo uwanjani na kuingia kwenye dimbwi la maji ya moto bila kuoga kwanza.

Kuuvunja mzunguko huo hakuhitaji mitambo. Daktari anaweza kuagiza mafuta ya mupirosini ya kupaka ndani ya pua kwa siku tano, pamoja na sabuni ya kuua vijidudu kwa kuogea, na familia nzima ikafanya kwa wakati mmoja, kwani akitibiwa mmoja tu wenzake watamrudishia. Taulo na shuka hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kwa kinyozi, mwenye majipu ya kisogo aombe mashine itakaswe na nywele ziachwe fupi bila kukwanguliwa hadi ngozini.

Wapo ambao hufanya yote hayo na majipu yakarudi palepale, kwapani, kinenani, chini ya matiti, yakiacha makovu na vijia vinavyovuja. Huo ni ugonjwa sugu wa mashina ya nywele, hauambukizi, na hautokani na uchafu, ingawa wanaougua hufichwa na kuonewa haya. Karl Marx aliteseka kwa majipu ya aina hiyo miaka ya 1860 akiandika kitabu chake kikuu, akashindwa hata kukaa kwenye kiti, na alimwandikia rafiki yake Engels kwamba mabepari watayakumbuka majipu yake. Mwaka 2007 Sam Shuster, profesa wa magonjwa ya ngozi wa Uingereza, alizipitia barua zake na kuhitimisha kwamba ulikuwa ugonjwa huo. Mwenye hali hii anahitaji daktari wa ngozi. Eneo letu lina kituo cha kufundisha wataalamu hao, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika Hospitali ya KCMC, Moshi, na wahitimu wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika.

Majipu mawili hayafai kuguswa nyumbani kabisa. Jipu la titi la mama anayenyonyesha mara nyingi hutolewa usaha kwa sindano nene, picha ikiongoza, na mama huhimizwa aendelee kunyonyesha, maana maziwa yakilala titi huzidi kuvimba. Jipu la kando ya njia ya haja kubwa nalo lina tabia ya kuacha kijia cha kudumu, kwa hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji.

Mwisho kuna uvimbe unaojifanya jipu. Wenye shimo dogo katikati, unaochoma na kama kuna kitu kinachotembea ndani, huenda ni funza wa nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini. Mafuta mazito ya kupaka yakiziba shimo, funza hukosa hewa na kujitokeza, akabanwa polepole na kuvutwa mzima. Pasi ya moto kwenye mishono ya nguo huua mayai. Mtoki wa kinena, ambao ni tezi iliyovimba kwa sababu ya kidonda cha mguu, hautumbuliwi, hutibiwa kidonda. Watu wa Lushoto, waliokaa na tauni kwa zaidi ya miongo miwili kuanzia mwaka 1980, wanajua kwamba tezi ya kinena inayouma sana pamoja na homa ya ghafla ni jambo la kukimbiza hospitali.

Na kuna jipu lisilouma. Ogston mwenyewe aliligundua hilo: katika usaha wa majipu baridi, yasiyo na joto wala maumivu makali, hakuviona vile vijiduara. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1882 Robert Koch alipomtambua bakteria wa kifua kikuu. Kifua kikuu hicho hushambulia pia tezi za shingo na mifupa ya uti wa mgongo, na usaha kutoka mgongoni unaweza kuteremka kwa kufuata msuli hadi ukajitokeza kinenani, mbali kabisa na ulikoanzia. Mgonjwa huwa amekonda, anatoka jasho usiku, anaumwa mgongo kwa miezi. Akipasuliwa kama mwenye jipu la kawaida, anaweza kubaki na tundu linalovuja muda mrefu. Usaha huo huvutwa kwa sindano ukapimwa, na tiba yake ni vidonge vya kila siku kwa miezi sita au zaidi, vinavyotolewa bila malipo katika hospitali za serikali Tanzania na Kenya.